Nani Anakula Ukuta wa Salon?

Ukuta wa salon yangu, yaani sebule ya nyumbani, uliliwa.

Sijasema ulibomoka. Sijasema panya waliutoboa. Nasema uliliwa, na mtu mwenye meno na kucha, ndani ya nyumba yangu mwenyewe hapa mtaani Mususa.

Ngoja nianzie mwanzo, maana najua kuna watu wameshaanza kucheka.

Naitwa Jéthro. Kazi yangu ni peintre, fundi wa kupaka rangi. Ukipita mtaa wa Kimemi ukaona duka lenye ukuta wa bluu unaong'aa mpaka unaweza kujinyolea ndevu hapo, huenda huo ni mkono wangu. Miaka kumi na moja nashika pinso, brashi ya rangi. Harufu ya rangi ya mafuta nimeizoea hivi kwamba nisipoisikia asubuhi naona siku haijaanza.

Sasa, mwezi wa pili mwaka huu, habari ikatufikia kutoka Beni. Familia ya Josaphat, kijana anayemtaka mdogo wangu Hadassa, wangekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuleta mbuzi wa mahari.

Kwetu mahari ni mbuzi. Lete pikipiki, lete televisheni ya ukutani, bila mbuzi bado hujaoa.

Na salon yetu ilikuwa aibu tupu. Mama yangu, Kanyere, anaishi nasi tangu baba atutoke, na msimu wote wa mvua alikuwa akipikia humo ndani kwa mbabula, jiko la makaa. Moshi ulikuwa umekula kila kitu. Hata picha ya baba ukutani ilionekana kama ilipigwa gizani.

Nikasema hakuna shida, peintre si niko hapa? Nilikuwa na makopo mawili ya rangi ya mafuta yaliyobaki kwenye chantier, pale tunapojenga.

Mke wangu Bénite akakataa.

“Ile peinture haitaingia mu nyumba hii.”

“Juu ya nini?”

“Inanuka.”

“Mais bibi yangu, peinture yote inanuka. Njo kazi yake.”

“Basi utafute ile hainuke. Ao utaenda kulala ku chantier pamoja na makopo yako.”

Miaka sita ya ndoa, ile sauti naijua. Ukiisikia, unatafuta kofia yako na kukubali.

Sikuuliza zaidi. Nilijiambia ni kwa ajili ya Hadassa, maana ana kifua kibovu, na mwaka jana rangi ya mafuta ilimkohoza wiki nzima. Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika habari hii: nilijiuliza mwenyewe, nikajijibu mwenyewe.

Kumbe Bénite alikuwa na mpango. Mama yake anaishi Kasugho, kule kwenye mashamba ya msituni, na nyumba yake amepaka ndani kwa udongo mweupe wa ukingo wa mto, uliochanganywa na uji wa unga wa muhogo. Hakuna kopo, hakuna harufu, hakuna dawa ya kuumiza kichwa. Wiki ileile magunia mawili yakashuka kwenye pikipiki, moja la udongo mweupe na jingine dogo la udongo wa manjano, pamoja na karatasi ya maelezo.

Mimi, peintre wa Kimemi, nipake ukuta kwa uji!

“Bénite, bantu batanicheka.”

“Bacheke. Kicheko hakinuke.”

Haya. Karatasi ilisema: pika unga wa muhogo kwa maji mengi, uwe uji mwepesi.

Lakini niambieni, ni Munande gani, mtu wa kabila letu, anaweza kutia unga kwenye maji yanayochemka bila kutafuta mwiko? Mkono ulijiendea wenyewe. Nilitia unga, nikasonga, nikaongeza, nikasonga, jasho likanitoka. Nilipozima moto nilikuwa na bugali, yaani ugali. Bugali ya kweli, ngumu, ile ya kusimamisha mwiko katikati.

Mama akapita, akachungulia sufuria.

“Na mboga iko wapi?”

Jirani yangu Lusenge alikuwa ameegemea ua, anafurahia sinema ya bure.

“Peintre! Couche ya kwanza ya rangi ni bugali, couche ya pili itakuwa mboga ya sombe?”

Ile rangi tuliila mchana kwa maharage. Lusenge mwenyewe alikuja na sahani yake.

Mara ya pili Bénite alinipokonya mwiko, akapika uji kama karatasi ilivyosema. Udongo tulikuwa tumeuloweka siku mbili, tukauchuja kwa kitenge kizee, tukachanganya na uji mpaka ukawa mzito kama maziwa yaliyoganda. Hapo ndipo nami nikataka kuweka sahihi yangu. Fundi mmoja wa Beni aliwahi kuniambia kwamba chumvi inazuia ukungu. Bénite alipogeuka, nikamwaga kilo nzima.

Tulipaka siku mbili. Nyeupe juu, manjano chini hadi usawa wa kiuno.

Nawaambia ukweli, ilinifunga mdomo. Ukuta ulipokauka ulikuwa na weupe mpole, sio ule wa kopo unaokupiga machoni. Nyumba ilinukia shamba baada ya mvua. Hadassa alikaa humo siku nzima anashona, hakukohoa hata mara moja.

Bénite alisimama katikati ya salon, akavuta pumzi ndefu, akatabasamu peke yake. Nilimuona vizuri sana, na tena sikuuliza.

Jumatatu asubuhi, zimebaki siku tano wageni wafike, nikafungua pazia la dirisha.

Nikakuta alama.

Sehemu ya ukubwa wa kiganja, rangi yote imetoka, ukuta wa zamani unachungulia. Pembeni kulikuwa na mistari midogo ya kucha.

Moja kwa moja nikaenda kwa Lusenge. Ana mbuzi jike asiye na adabu, anaingia nyumba za watu bila hodi.

“Lusenge! Mbuzi yako inakula salon yangu!”

Alikuja, akaangalia ile alama, akaipima kwa mkono. Ilikuwa usawa wa kifua changu.

“Peintre,” akasema taratibu, “mbuzi yangu inavaaka viatu ya talons?”

Nikarudi ndani. Nilichanganya udongo kidogo nikapaka kiraka, lakini kiraka kibichi kilionekana kuliko hata shimo. Nikatafuta kalenda ya kanisa nikaitundika juu yake.

Jumanne, alama ya pili, karibu na mlango wa chumba. Nikatundika kalenda ya duka la simenti.

Jumatano, ya tatu. Kalenda niliyoipata ilikuwa ya mwaka 2019, lakini ningefanyaje?

Mama ndiye aliyeinua ile ya 2019 akitafuta tarehe. Akaona. Akapitisha kidole kwenye ile mistari ya kucha, akaniita jikoni nyuma, akafunga mlango.

“Jéthro, ile haiko panya.”

“Ni nini basi?”

“Ni mwanamuke.”

Akanieleza jambo ambalo wanawake wote wanalijua, na mimi na pinso yangu ya miaka kumi na moja nilikuwa silijui vizuri. Wanawake wengi wakiwa na mimba wanatamani udongo mweupe. Sokoni unauzwa kwa vipande. Yeye mwenyewe, alipokuwa na mimba yangu, alimaliza pembe nzima ya jiko la bibi yangu, hadi mvua ikawa inaingia.

“Banamuke mu nyumba hii tuko batatu,” akasema. “Miye niko na miaka makumi sita na mbili. Bénite, we mwenyewe unajua.”

Nilijua. Mara mbili Bénite alishika mimba, na mara mbili ilitoka kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Tangu ile ya pili imepita miaka mitatu, na nyumbani kwetu neno hilo halitajwi. Nikipita mbele ya maternité, hospitali ya wazazi, nilikuwa nageuza uso, nijifanye naangalia pikipiki. Iliniuma, na inaniuma hata kuiandika hapa.

Akabaki mmoja: Hadassa.

Muelewe uzito wake. Hadassa ni sauti ya kwanza kwenye chorale, kwaya ya kanisa. Kanisani kwetu binti akikutwa na mimba kabla ya harusi, hakuna voile, ile shela ya bibi harusi, hakuna chorale, anakaa benchi la nyuma. Na kulikuwa na kibaya zaidi. Josaphat alikuwa Kisangani kikazi tangu mwezi wa tisa, angerudi wiki hiyohiyo ya mahari. Kama Hadassa ana mimba changa, basi si ya Josaphat. Wale wakwe wangegeuza gari na mbuzi wao palepale mlangoni, na jina la mdogo wangu lingefika Beni kabla yao.

“Tusimwambie Bénite,” Mama akasema. “Habari ya mimba itamuumiza roho.”

Tukakubaliana. Tulijiona watu wenye hekima kweli.

Alhamisi nikamkuta Hadassa anaosha vyombo uani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka zunguka, yote yakanipotea.

“Hadassa, unakulaka ukuta?”

“Nini?”

“Budongo. Ya ku mur. Ni weye unakula?”

Alielewa. Nilimuona anaelewa. Aliweka sahani chini polepole.

“Yaya, kaka yangu, ni weye njo unaniuliza vile? Weye?”

“Sema tu, nikusaidie.”

“Hapana. Sikule budongo, na siko na kintu mu tumbo. Sasa unitokee hapa.”

Alilia huku anaosha, na hakunisemesha tena. Mimi nikaondoka nikijiambia kwamba hata mwenye kosa angesema hivyohivyo. Sikumwamini. Katika habari hii yote, hapo ndipo ninapoona haya zaidi.

Ijumaa nikatundika kalenda ya nne.

Jumamosi wakafika. Barabara ya Beni ilikuwa nzuri siku hiyo, nzuri kwa maana yetu sisi: gari walilisukuma mara mbili tu. Mbuzi walibaki nyuma ya gari wakilia, mvua ikaanza, tukawaingiza wageni salon.

Msemaji wao alikuwa mzee Muyisa. Lakini mwenye nguvu mle ndani alikuwa mama Godelive, songali wa Josaphat, yaani shangazi yake upande wa baba. Kwetu songali akisema hapana, wazee wanafunga madaftari yao. Na huyu anauza vitambaa Beni, kwa hiyo kila kitu anakitazama akitafuta kasoro.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha baba. Jirani Lusenge naye alikuwepo, amevaa koti.

Mzee Muyisa akavuta hewa.

“Nyumba inanukia muzuri. Peinture ya mupya, na ata kichwa hakiume!”

Nikavimba. Nikaanza kumweleza habari za udongo wa Kasugho. Godelive hakuwa ananisikiliza, alikuwa anahesabu kalenda.

“Baba ya nyumba,” akasema, “hapa munaishi mu mwaka gani?”

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Akainuka. Akaenda hadi 2019, akainyanyua. Akaenda kwenye ile ya simenti, akainyanyua. Ya kanisa. Ya nne. Kicheko kikaisha chenyewe.

Akarudi kukaa, akakunja mikono.

“Nimezala batoto munane. Ile alama naijua. Mbele ya mbuzi kushuka mu gari, nauliza kintu kimoja tu. Nani anakula huu ukuta?”

Macho yote yakaenda kwa Hadassa. Josaphat, maskini, aliangalia viatu vyake. Hadassa akaanza kulia bila sauti huku anatikisa kichwa, na akanitazama mimi, kaka yake, niliyekaa kwenye kiti cha baba.

Ningesema neno moja tu lingetosha. Sikusema kitu.

Ndipo Bénite akaingia kutoka jikoni na sinia ya glasi za jus ya maracuja. Alikuwa amesikia swali lile mlangoni. Akamtazama Hadassa, akatazama kalenda, akaweka sinia chini sakafuni.

“Ni miye.”

Hakuna aliyeelewa.

“Ni miye njo nakulaka ukuta. Hadassa mumuache, hana kosa.”

“Weye?” Mama akasema.

“Miye, Mama. Iko miezi ine na nusu. Nilipita ku maternité, banisikilizisha moyo yake. Inapiga muzuri.”

Mama alitoa kigelegele kikakatikia njiani, akafunika mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilisimama. Kisha nikakaa. Nikasimama tena.

Bénite aliendelea.

“Mara mbili tulitangaza, mara mbili tukalia mbele ya bantu. Hii ya sasa nilisema nitanyamaza mupaka mwezi wa tano ya mimba. Njo maana nilikatala ile peinture ya mafuta. Wakati ya ile ya kwanza, Jéthro alikuwa anapaka chambre ya kulala. Sijue kama njo ililetaka ile mambo, docteur hakusema vile. Mais niliogopa. Nilitaka mutoto akute hewa safi.”

Kwa hiyo haikuwa kifua cha Hadassa. Tangu siku ya kwanza haikuwa kifua cha Hadassa.

Kisha akanigeukia. Machozi yanashuka, na anatabasamu.

“Na bwana yangu alijua.”

Nikageuka kumtazama Mama.

“Hakuniuliza ata siku moja. Nikikula fasi moja, asubui nakuta ametia kalenda pale. Alikuwa ananifichia. Ata leo, dada yake analia, yeye anachunga siri yangu. Miye nilifikiriaka huyu mwanaume hawezi kunyamaza. Wasingya, Jéthro. Wasingya kabisa.”

Wasingya. Asante. Mbele ya familia mbili.

Mama akanitazama. Hadassa akanitazama. Lusenge akanitazama, akafungua mdomo wake, na Mama akamkanyaga mguu.

“Likambo te, bibi yangu,” nikasema. “Haina shida.”

Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikubali zile shukrani zote, nikazimeza.

Mama Godelive akainuka mara ya pili. Akaenda ukutani, akabandua kipande kwa ukucha, akakitia mdomoni. Tukangoja. Alitafuna taratibu, macho juu.

“Budongo ni ya muzuri. Mais chumvi ni mingi. Nani alitia chumvi?”

Nikanyoosha mkono.

“Mwanamuke wa mimba, na chumvi yote hii? Utapaka ingine. Bila chumvi!”

Halafu akamwendea Hadassa, akamshika mikono yote miwili.

“Mwana yangu, nilikuhukumu mu roho yangu. Unisamehe. Sasa mbuzi ishuke.”

Mbuzi wakashuka kwenye mvua. Na kwa kuwa mahari haiachwi inyeshewe, tukawaingiza salon. Tukafumba macho, mzee Muyisa akaomba, na mnajua wazee wetu wakishika maombi. Tuliposema amina, mbuzi walikuwa wamegundua chumvi. Ile manjano yote ya chini walikuwa wameilamba hadi ukuta wa zamani.

Hakuna aliyewafukuza. Lusenge alicheka mpaka akavua koti.

“Sasa hii,” akasema akipima alama kwa mkono, “hii njo urefu ya mbuzi.”

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba wa mwaka huu. Tumemwita Ariel, ana mapafu ya kutosha chorale nzima. Hadassa aliolewa kwa voile, na aliimba kwenye harusi yake mwenyewe. Nilimwomba msamaha mara tatu. Mara ya tatu akakubali, kwa sharti kwamba nyumba yake ya Beni niipake bure.

Salon niliipaka upya, udongo na uji tu, kilo ya chumvi ikabaki jikoni. Muuguzi wa maternité alimpa Bénite vidonge vya kuongeza damu, akamwambia rangi isiyo na sumu ni nzuri kwa kuta, ila sio chakula. Siku hizi wateja wananiita hadi Kimemi kuwapakia vyumba vya watoto. Wananiita Peintre Bugali. Nimeshazoea.

Funzo langu ni hili, wanaume wenzangu. Mkeo akikuchagulia rangi, muulize sababu, kisha funga mdomo usikie jibu. Na dada yako akikuambia hapana, ipokee kama ilivyo.

Limebaki jambo moja.

Mama hakusema kitu. Hadassa hakusema. Lusenge nimemnyamazisha kwa sahani ya bugali kila Jumapili, na anakula mwanaume yule. Lakini Ariel anapolala kifuani pangu, na Bénite anawaambia wageni jinsi nilivyomchungia siri, nasikia vibaya. Na najua kwamba anasoma kila ninachoandika hapa.

Basi, Mama Ariel, soma polepole. Sikujua kitu. Kalenda nilikuwa naficha aibu yangu mbele ya wakwe, na nilifikiri ni Hadassa. Ile asante yako nakurudishia, mpe dada yangu aliyelia bure.

Yale makopo mawili bado yako chantier. Nimeshapeleka godoro langu huko.